Uzoefu wangu na swichi ya Catalyst 2960-X: kuhamisha na kutunza faili za mipangilio

Ninasimamia swichi hizi za Cisco za poti 24, vifaa vya kuunganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao, katika ofisi moja Kisumu, pamoja na matawi yake ya Ahero, Luanda na Bondo. Kasi ya poti sitaipima hapa. Nitapima jambo moja tu: swichi ikifa, au fundi akikosea amri, mipangilio itarudi vipi na kwa haraka gani. Kwa hilo naipa nyota nne kwa tano. Moja iliyokatwa nitaieleza huko chini.

Kwanza uielewe ilivyo. Unachokiandika kinaingia running-config, inayokaa kwenye RAM, na stima ikikatika inapotea. Kinachobaki ni startup-config, inayokaa kwenye flash (hifadhi ya kudumu ya swichi), ambayo ukiandika `dir flash:` utaiona kwa jina la config.text. Wanaolalamika kwamba swichi "imesahau" VLAN (mitandao midogo iliyogawanywa ndani ya swichi) au anwani baada ya stima kurudi, wengi wao hawakuandika `copy running-config startup-config`. Kwa mji ambao stima hukatika bila kubisha hodi, amri hiyo ipigwe kabla hujafunga laptopu.

Njia ya kawaida ya kutoa nakala ni TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha faili kati ya swichi na laptopu au seva. Kwenye Windows weka Tftpd64, kwenye Ubuntu weka tftpd-hpa, kisha kwenye swichi:

`copy running-config tftp:`

Itakuuliza anwani ya seva na jina la faili, na kwa kuwa faili yenyewe ni kilobaiti chache, kazi huisha kabla hujameza mate. Ikigoma, mara nyingi swichi haina kosa. Windows huwa imezuia UDP 69, poti ya TFTP, kwenye fayawoli, na kuifungua poti hiyo pekee huenda kusitoshe, kwa sababu seva ya TFTP hujibu kwa poti nyingine. Ruhusu programu nzima. Kwa Ubuntu, tftpd-hpa haikubali kupokea faili mpya hadi uongeze `--create` kwenye TFTP_OPTIONS, na folda ya /srv/tftp iwe mali ya mtumiaji tftp. Swichi ikiwa na VLAN kadhaa zenye anwani, ongeza `ip tftp source-interface vlan 99`, au VLAN yoyote unayotumia kusimamia, ili pakiti zisitoke kwa anwani ambayo seva haiijui.

Ila TFTP haina nenosiri wala usimbaji. Faili inapita mtandaoni ikiwa uchi, na ndani yake mna manenosiri yako. Yale yaliyoandikwa kwa namba 7 hufumbuliwa kwa sekunde chache na programu yoyote ya bure, kwa hiyo `service password-encryption` isikupe usingizi. Tumia `enable secret` na `username ... secret`, na TFTP ibaki ya mezani, laptopu na swichi zikiwa zimeunganishwa kwa kebo moja.

Kwa matawi natumia SCP, yaani kunakili faili kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kifaa cha mbali kwa usimbaji. Kwenye swichi unahitaji `ip scp server enable`, mtumiaji mwenye privilege 15 (ngazi ya juu kabisa), na `aaa new-model` ikifuatwa na `aaa authentication login default local` na `aaa authorization exec default local`. Mstari huo wa mwisho ndio wengi huusahau: nenosiri linakubaliwa, halafu faili inakataliwa. Halafu kuna kikwazo kinachotoka upande wa laptopu. Tangu OpenSSH (programu ya SSH ya laptopu) 8.8 ya mwaka 2021, sahihi za ssh-rsa zimezimwa, na tangu 9.0 ya 2022 amri ya scp hutumia SFTP, njia nyingine ya kuhamisha faili ambayo swichi hii haiijui. Amri yenyewe sasa ni hii:

`scp -O -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group14-sha1 admin@192.168.10.2:running-config ahero-sw1.cfg`

Hiyo `-O`, inayorudisha SCP ya zamani, ni herufi kubwa, si sufuri.

Kurudisha ndiko kunakowaumiza watu. Ukiandika `copy tftp: running-config`, usidhani faili inachukua nafasi ya iliyopo. Zinachanganywa. Mstari uliomo kwenye swichi lakini haumo kwenye faili utabaki palepale. Tena faili haiandiki `no shutdown`, kwa hiyo poti au interface ya VLAN iliyokuwa imezimwa itabaki imezimwa hata kama kwenye nakala ilikuwa hai. Ukitaka swichi ifanane na faili, kuna njia mbili: uiweke kwenye startup-config kisha `reload` na ukatae inapokuuliza kama ihifadhi mabadiliko, ama utumie `configure replace`.

Hapo ndipo swichi hii inapostahili hela yake. Tengeneza folda kwa `mkdir flash:nakala`, kisha:

`archive`
`path flash:nakala/$h`
`maximum 10`
`write-memory`

Tangu hapo kila ukihifadhi mipangilio, nakala mpya yenye jina la swichi inaingia kwenye folda, na zikizidi kumi, ya zamani zaidi inafutwa. `show archive config differences` hukuonyesha mistari iliyoongezwa kwa alama ya + na iliyotolewa kwa alama ya −. Kwa kubadilisha kitu hatari kwenye tawi la mbali, ingia kwa `configure terminal revert timer 5`. Ukijifungia nje, dakika tano zikiisha bila wewe kuandika `configure confirm`, swichi inajirudisha yenyewe. Bila hiyo ni matatu hadi Bondo, kwenda na kurudi, kwa sababu ya mstari mmoja wa access-list (orodha ya wanaoruhusiwa na wanaozuiwa). Wazee wa kazi hutumia `reload in 10` na `reload cancel`. Inafanya kazi, ila inazima ofisi nzima wakati swichi inawaka upya.

Weka NTP, njia ya kupata saa sahihi kutoka mtandaoni, kabla ya archive. Swichi hii haina betri ya saa: ikizimika, ikiwaka hudhani ni mwaka wa zamani sana, na nakala zako zote zitajipanga mwaka huo. `ntp server` na `clock timezone EAT 3` zinatosha.

Sasa ile nyota niliyokata. Faili ya mipangilio siyo swichi nzima. Swichi ikiwa kwenye hali ya VTP server (VTP ni mfumo wa Cisco wa kusambaza orodha ya VLAN kati ya swichi), ambayo ndiyo ya kiwandani, VLAN hazimo kwenye running-config. Zimo kwenye flash:vlan.dat. Ukiweka nakala kwenye startup-config ya swichi mpya na kuiwasha, poti zinasema ziko VLAN 20, lakini `show interfaces switchport` inaonyesha "20 (Inactive)" na hakuna mtu anayepata mtandao. Ama unakili vlan.dat pia, ama ufanye nifanyavyo mimi: `vtp mode transparent`, VLAN zote zionekane kwenye faili moja. Funguo za SSH nazo hazisafiri na faili, kwa hiyo swichi ya akiba itakataa SSH hadi uingie kwa konsoli, poti ya kuunganisha laptopu moja kwa moja, na kuandika `crypto key generate rsa modulus 2048`. Hostname na `ip domain-name` ziwepo kwanza. Pia archive inakubali path moja tu: uchague flash ya swichi, ambayo ikiungua inaondoka na nakala zake, au seva, ambayo mtandao ukikatika huifikii. Mimi nimechagua flash, halafu Oxidized, programu ya kukusanya mipangilio, kwenye seva ya Kisumu inavuta nakala ya kila tawi usiku.

Konsoli ni kasi 9600, biti 8, bila parity, stop 1. Kuna RJ45 na mini-USB. Mini-USB inataka draiva kwenye Windows. Adapta za USB zenye chipu bandia ya PL2303 hugoma kwenye Windows mpya, afadhali ununue ya FTDI. Ukibandika mipangilio mirefu kwa konsoli, herufi huruka. Tera Term, programu ya kuingilia konsoli, inakuruhusu kuweka ucheleweshaji wa milisekunde 100 kwa kila mstari, na huko ndiko nabandikia, si PuTTY.

Nyingi zinazouzwa sasa ni za mkono wa pili, maana Cisco iliacha kuziuza Oktoba 2022 na msaada unaisha Oktoba 2027. Huja na mipangilio ya mwenyewe wa zamani, nenosiri halijulikani. Shikilia kitufe cha Mode huku ukichomeka stima, andika `flash_init`, `rename flash:config.text flash:config.old`, kisha `boot`. Ikiwaka, `delete flash:vlan.dat` na `reload` kabla hujaichomeka kwenye mtandao wako. Vlan.dat ya mgeni yenye jina la VTP domain kama lako na namba ya revision iliyo juu zaidi inaweza kufuta VLAN za ofisi nzima kupitia kebo moja ya trunk, ile inayobeba VLAN nyingi kati ya swichi.