Lightning Bolt: kadi ya mana moja niliyoitumia miaka mitano, haya ndo maoni yangu

Wakuu habari zenu. Leo naongelea kadi moja tu, Lightning Bolt ya mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Inagharimu mana moja nyekundu (mana ndo malipo ya kucheza kadi), inapiga pointi 3 popote unapotaka, mpinzani mwenyewe au kiumbe chake, basi, maelezo yake yote ni sentensi moja. Nimeicheza karibu miaka mitano sasa, Ijumaa jioni dukani hapa Birmingham na siku zingine kwenye simu kupitia Arena, app ya mchezo huu, na kila nikikutana na mtu mpya ananiuliza swali lile lile, hivi kadi rahisi hivi kwanini unaweka nne nne kila pakiti (fungu la kadi unalochezea)? Nimeona bora niandike yote mara moja.

Kwa ambaye hajawahi kucheza, mnaanza kila mtu na maisha 20, pakiti yako iwe na kadi angalau 60, kadi ya jina moja huruhusiwi kuzidisha nne ukitoa zile ardhi za kawaida, na kila zamu unaweka chini ardhi moja ambayo inakupa mana moja. Kwaiyo zamu ya kwanza una mana 1, ya pili 2, ya tatu 3, na hiyo mana ndo mshahara wako, ukiupoteza zamu hii haurudi. Mgeni akiona joka la mana 6 lenye nguvu 5 moyo unamdunda, akiona Bolt anaipita kama hajaiona. Mimi nimekulia Tanga, babu yangu alikuwa anacheza karata barazani na wenzake kila baada ya alasiri, na pale unajifunza ukiwa bado mdogo kwamba karata ndogo kabisa ya turufu inakula ree ya rangi nyingine na mwenye ree anaangalia tu. Nilivyoelewa Bolt ilikuwa kama nimerudi pale barazani.

Kadi yenyewe ni ya tangu mchezo uanze, toleo la Alpha mwaka 1993, mtunzi wa mchezo ni Richard Garfield. Na haikutoka peke yake, zilikuwa tano za familia moja, kila rangi na yake, zote mana moja na zote zinatoa tatu za kitu fulani. Nyeupe ilipewa Healing Salve, inarudisha maisha 3 au inazuia pigo la 3. Bluu ikapewa Ancestral Recall, unavuta kadi 3. Nyeusi Dark Ritual, unatoa mana moja unapata tatu. Kijani Giant Growth, kiumbe kinaongezeka 3 kwa 3 (nguvu ya kupiga 3, uimara wa kubeba pigo 3) mpaka mwisho wa zamu. Na nyekundu ndo hii yetu. Sasa angalia bei ni ile ile kwa zote tano lakini zimeishia sehemu tofauti kabisa, Healing Salve hakuna anayeitamani, Ancestral Recall ina nguvu iliyopitiliza mpaka kwenye mtindo wa mashindano wa Legacy imefungiwa na kwenye ule wa Vintage unaruhusiwa moja tu kwenye pakiti, Bolt yenyewe imekaa katikati, ina nguvu ya kutosha mtu aitake kila siku na haijavuka hapo ikauharibu mchezo. Kwangu hii ndo sifa yake ya kwanza, unaweza kuiweka zote nne, mpinzani naye akaweka nne zake, na mchezo ukabaki mchezo.

Tuje kwenye kazi yake. Watu wengi wanahesabu zile 3 tu, mimi nahesabu mana inayobaki. Mfano mpinzani wako ni wa kijani, zamu ya kwanza anaweka Birds of Paradise, kindege cha mana moja, nguvu 0 uimara 1, hakipigi mtu lakini kinatoa mana ya rangi yoyote, maana yake zamu ya pili ana mana 3 wakati wewe una 2. Wachezaji wana msemo wa miaka mingi kwamba ndege ukimwona mpige, na ni kweli kwa sababu wengi wanabaki na mkono umejaa kadi za mana 3 na 4 ambazo zilikuwa zinamtegemea yule ndege, wewe umetumia moja, yeye amepoteza moja pamoja na mpango mzima wa zamu inayofuata. Mimi nimeshaona mtu anakaa zamu mbili nzima bila kuweka kitu cha maana kisa ndege wake alikufa mapema.

Alafu kuna upande wa pili ambao ndo mtamu zaidi. Jace, the Mind Sculptor wa mwaka 2010 ni plenswoka (kadi ya msaidizi anayekaa mezani na uwezo wake) wa mana 4, anaingia na uaminifu 3, ambao ndo kama maisha yake, na ule uwezo wake watu wanaoupenda wa kuvuta kadi 3 na kurudisha 2 juu ya pakiti haumuongezei kitu, anabaki na 3 zake. Bolt moja tu, kwisha habari yake. Mtu ametoa mana 4, zamu yake karibu yote, wewe umetoa 1 na bado una mana zingine za kuweka kiumbe. Ndo maana aliyezoea anampandisha kwanza mpaka 5 kama anahisi unayo, hata kama alikuwa anahitaji zile kadi kweli. Yani Bolt imeshafanya kazi na haijatoka mkononi, na inawezekana hata huna!

Hilo la mwisho naomba nilirudie kwa sababu ndo linaloifanya niipende kuliko zingine zote za bei hii. Ni instanti, unaicheza muda wowote hata kwenye zamu ya mwenzako, kwaiyo ukiacha ardhi moja nyekundu imesimama bila kuitumia, mtu mwenye kiumbe cha 3 kwa 3 anaanza kujiuliza ashambulie au asishambulie. Chain Lightning ya 1994 nayo mana moja nayo inapiga 3 popote, lakini ni ya kwenye zamu yako tu, tena mpinzani akilipa mana mbili nyekundu anakurudishia pigo. Lava Spike ya 2004 ni ya zamu yako tu na inampiga mpinzani, kiumbe haigusi. Shock ni instanti, inaenda popote, ila inapiga 2. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo lakini kaa ufanye hesabu, maisha 20 kwa Shock unahitaji 10, kwa Bolt unahitaji 7. Na kwenye Modern, mtindo mwingine wa mashindano, watu wanajipunguza wenyewe, kuna ardhi unalipa maisha 1 kwenda kutafuta nyingine kwenye pakiti na hiyo uliyoipata inataka 2 kama unataka kuitumia zamu hiyo hiyo, mtu amejikata 3 kabla hujamgusa, amebaki na 17, hapo mapigo 6 ya aina ya Bolt yanammaliza. Pakiti za kuchoma, zile zilizojaa kadi za kumpiga mpinzani moja kwa moja, zinaishi kwa hesabu hii. Na hapo ule msemo wa ndege nao usiufuate kichwa kichwa, kama umeshamfikisha mtu 6 na una Bolt mbili mkononi, ndege wa nini tena, maliza kazi.

Udhaifu upo na nautaja kwa sababu umeshaniumiza. Mashindano yangu ya pili ya Modern, mechi ya mwisho, mpinzani ana Tarmogoyf, kiumbe cha mana 2 ambacho nguvu yake ni idadi ya aina za kadi zilizopo kwenye makaburi yote (rundo la kadi zilizotumika au kufa) na uimara wake ni hiyo idadi ukiongeza moja. Makaburini kulikuwa na ardhi na kiumbe tu, aina mbili, kwaiyo alikuwa 2 kwa 3. Nikapiga Bolt nikanyoosha mkono kumsogeza kabisa. Refa akaitwa, akanielewesha kwa upole kwamba Bolt ikimaliza kazi yenyewe inaenda kaburini kwanza, alafu ndo mchezo unaangalia nani amekufa, na wakati huo instanti imeshakuwa aina ya tatu kwaiyo jamaa ni 3 kwa 4, amepigwa 3, anaishi. Nilipoteza ile mechi na nilirudi nyumbani na uchungu kweli. Tangu siku hiyo namgusa tu kama instanti nyingine tayari ipo kaburini na uimara wake bado haujazidi 3, na wewe usisahau hilo.

Kwa ujumla uimara wa 4 ndo ukuta wa Bolt. Kwenye Pauper, ambako kadi zote ni zile za kawaida zisizo adimu, na ndiko ninakocheza sana siku hizi, unakutana na Myr Enforcer wa 4 kwa 4 ambaye jamaa anamshusha karibu bure kwa sababu ya kadi za vifaa (artifacts) alizonazo mezani, na Gurmag Angler 5 kwa 5, hawa Bolt haiwafanyi kitu mpaka uongeze na pigo lingine. Galvanic Blast inapiga 4 kwa mana ile ile moja, ila lazima uwe na vifaa vitatu mezani, bila hivyo ni 2. Watu wa bluu nao wana Hydroblast pembeni, kwenye kadi za akiba, mana moja inaizima Bolt yako hewani. Hayo yote unaweza kuishi nayo. Ila kwenye Commander mimi siiweki, nasema wazi. Kule kila mtu ana maisha 40, mko wanne mezani, maana yake wapinzani wako watatu wana maisha 120 kwa pamoja, pakiti ni ya kadi 100 na kila kadi unaweka moja tu ukitoa ardhi za kawaida, Bolt yako moja inapiga 3 kwenye 120. Ndege utamuua ndio, lakini wapo wengine wawili mezani wanaoendelea kujijenga na wewe umeshatoa kadi yako. Kuna mshkaji wa Mombasa tunacheza naye anaipigania kila wiki kwamba mana moja ni mana moja, namheshimu sana ila kwenye hili sikubaliani naye.

Kuhusu kununua. Habari njema ni kwamba imeshachapwa mara nyingi mno. Baada ya Fourth Edition ya 1995 ilikaa nje ya matoleo ya msingi miaka 14, sehemu kubwa ya kipindi hicho Shock ndo ikawa inashika nafasi, ikarudi Magic 2010 iliyotoka 2009 na mwaka uliofuata tena, baada ya hapo ikaja kwenye matoleo mengine kadhaa. Kwaiyo ya kawaida kabisa unaipata chini ya pauni mbili, na ikishakuwa mezani inapiga 3 sawasawa na ile ya Alpha. Za mwanzoni zenye mchoro wa Christopher Rush, yule yule aliyechora Black Lotus, ni nzuri sana kuangalia, na zile za Revised na Fourth zenye mpaka mweupe bado ni za bei ya kawaida ukizikuta zimechakaa kidogo kingo. Mimi nne zangu ni za Fourth, nilizitoa kwenye boksi la kadi za zamani dukani, kona zimelika, nimezivalisha mifuko na zinachezeka bila shida.

Wa simu angalieni kabla ya kutumia waildikadi, ile unayoibadilisha kuwa kadi unayotaka. Kwenye Arena, Bolt iliingia 2021 na toleo la Strixhaven lakini kwenye Historic, mtindo mmoja wa kucheza wa Arena, ilifungiwa tangu siku ya kwanza, ikaja kuruhusiwa kwenye mtindo mwingine wa Timeless ulipofunguliwa mwisho wa 2023. Hakikisha kwanza mtindo unaocheza unairuhusu ndo uitengeneze.

Kwa Pauper na Modern naipa 9 kati ya 10, ile moja nimeitoa kwa ajili ya uimara wa 4, Commander naipa 4. Anayeanza na nyekundu anunue nne hizi kabla ya joka lolote, na Ijumaa ya kwanza azitumie zote kuua viumbe vya zamu ya kwanza na ya pili aone mwenzake anavyohangaika na mkono wake, mambo ya kumpiga mpinzani moja kwa moja atayajua wiki ya pili.