Mashine ya kufulia iliyochoka: ipi itengenezwe, ipi ibadilishwe

Mtu ambaye mashine yake ya kufulia imeanza kunguruma, kuvuja au kugoma katikati ya kazi kwa kawaida huuliza kwanza ina miaka mingapi, na fundi naye huanza kwa kutaja bei. Maswali yote mawili yana nafasi yake, lakini la kutangulia ni kujua hasa kilichoharibika, kwa sababu mashine ya miaka 9 iliyokatika mkanda inastahili kutengenezwa, ilhali ya miaka 4 ambayo msalaba wa dramu (kipande kinachoshika kwa nyuma pipa linalozungusha nguo) umeliwa na chumvi mara nyingi haistahili. Mwongozo huu unapanga njia zilizopo kuanzia yenye faida kubwa hadi ile ambayo ningemshauri mtu aitazame kwa tahadhari, na umezingatia nyumba za mwambao, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Unguja na Dar es Salaam, ambako familia nyingi hutegemea maji ya kisima na tangi la juu.

Njia ya kwanza, na bora kuliko zote, ni kubadilisha kifaa kidogo kilichokufa. Mashine ikijaza maji kisha ikashindwa kuyatoa, tatizo huwa kwenye pampu ya kutolea maji au kwenye chujio lake lililo nyuma ya kifuniko kidogo chini upande wa mbele, ambako sarafu, vifungo na pini hujikusanya. Ikiwa haijazi au inajaza polepole mno, angalia wavu mdogo ulio mahali mpira wa maji unapofungwa nyuma ya mashine, kwa kuwa mchanga na kutu ya mabomba huuziba. Usafi wa dakika chache unaweza kumaliza shida ambayo ungelipia valvu mpya. Dramu isipozunguka huku mota ikisikika, mkanda umekatika au umelegea; na mota zenye kaboni, yaani vipande vidogo vinavyogusa sehemu inayozunguka ili kuipa umeme, huanza kukosa nguvu, kutoa cheche au kunyamaza kabisa kaboni zikiisha. Katika mashine za matangi mawili, mota inayovuma bila kuzunguka mara nyingi inadai tu kapasita, kifaa kidogo kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Vitu hivi vyote ni spea za bei ndogo, zinapatikana kwa mafundi na katika maduka ya Kariakoo, na kuvibadilisha kunafaa hata kwa mashine ya zamani, alimradi dramu yenyewe ni nzima.

Uzima wa dramu ndio unaoamua karibu kila kitu, na mwenye mashine ya mlango wa mbele anaweza kuupima mwenyewe kabla fundi hajafika. Chomoa waya kwenye soketi, fungua mlango, kisha uzungushe dramu kwa mkono taratibu huku ukisikiliza. Mngurumo mzito kama wa mchanga unaosagwa ni dalili kwamba beringi, zile pete za chuma zinazoifanya dramu izunguke kwa wepesi, zimekwisha. Halafu shika ukingo wa juu wa dramu na uunyanyue: ikiwa tangi lote la ndani ya mashine, lile linaloizunguka dramu na kushika maji, linapanda pamoja nayo, hizo ni springi tu zinafanya kazi yake, lakini dramu ikicheza peke yake ndani ya tangi, basi beringi zimelegea au msalaba umepasuka. Msalaba huo ni kipande chenye mikono mitatu kinachoishika dramu kwa nyuma, na katika mashine nyingi umetengenezwa kwa alumini wakati dramu ni ya chuma kisichoshika kutu. Maji ya chumvi yakituama kati ya metali hizo mbili, alumini ndiyo inayoliwa, na hii ndiyo sababu mashine za nyumba zenye visima vya chumvi huweza kufa mapema kuliko za watu wenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Msalaba ukikatika wakati dramu inakamua kwa kasi, unaweza kutoboa tangi zima, hivyo usiendelee kuitumia mashine yenye dalili hiyo ukisubiri mwisho wa mwezi.

Kutoka hapo tunafika kwenye njia ya pili, yaani kubadilisha beringi. Kazi hii ni kubwa, kwani fundi hulazimika kushusha tangi lote, na ninaipendekeza kwa masharti mawili. Sharti la kwanza ni kwamba tangi liwe linafunguka kwa skrubu. Mashine nyingi za miaka ya karibuni zina tangi la plastiki lililounganishwa kwa joto, ambalo halifunguki bila kukatwa kwa msumeno, na ingawa wapo mafundi wanaolikata kisha kulifunga kwa gundi na skrubu, uvujaji wa baadaye ni hatari ya kweli. Muulize fundi aina ya tangi lako kabla hajalipwa chochote. Sharti la pili ni kwamba sili ya maji, yaani mpira unaozuia maji yasifike kwenye beringi, ibadilishwe pamoja na beringi, maana beringi huanza kuharibika pale sili ya zamani inaporuhusu maji kupenya, na kuweka beringi mpya nyuma ya sili iliyochoka ni kununua mngurumo uleule kwa mara ya pili.

Bodi ya umeme naiweka ya tatu. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huunguza bodi, na fundi anayeharakisha atakuambia ununue nyingine, ambayo kwa mashine iliyoacha kutengenezwa huwa ghali na ngumu kupatikana. Kabla ya kukubali, mpelekee fundi wa elektroniki anayejua kubadilisha kipande kimoja kimoja, kwa sababu mara nyingi kilichoungua ni rilei (swichi ndogo ya umeme) au kipande kidogo cha jirani yake. Bodi ikipona, weka kifaa cha kulinda umeme kama kile watu wanachotumia kwa friji, kilicho na uwezo wa kutosha kwa mashine yenye hita, la sivyo utarudi kwa fundi yuleyule. Na ikiwa mashine inapiga shoti mtu akiigusa, iache mara moja hata kama inafua vizuri: hita inaweza kuwa inavujisha umeme, au soketi haina waya wa ardhi, na kasoro ya pili haitaondoka kwa kununua mashine mpya.

Kuhusu fedha, kipimo kinachofaa ni nusu ya bei. Jumlisha spea, ufundi na usafiri. Jumla ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya ya aina ileile, acha. Tuseme mpya ni shilingi 900,000 za Tanzania: matengenezo ya 150,000 yanakubalika karibu wakati wote, ya 500,000 hayakubaliki hata mashine ikiwa changa. Mashine ikikaribia miaka 10, mimi ningeshusha kipimo hicho hadi robo, kwa kuwa vifaa vingine vilivyo ndani yake navyo vimechoka.

Njia ya nne, basi, ni kununua mpya, na hapa ndipo ninapoona familia zikipoteza fedha nyingi kwa kuchagua kwa macho badala ya kuchagua kwa maji. Mashine nyingi za mlango wa mbele huhitaji msukumo wa maji usiopungua kati ya baa 0.3 na 0.5 (baa ni kipimo cha msukumo), na kila mita moja ya kimo cha tangi hukupa takriban baa 0.1. Tangi lililoinuliwa mita 2 juu ya mashine haliwezi kutosheleza hitaji hilo, na mashine itaonyesha alama ya hitilafu kila unapoiwasha, ingawa ni mpya na haina ubovu. Mwenye tangi la juu ya ghorofa, maji baridi na umeme wa kuaminika achague mlango wa mbele bila wasiwasi, kwa kuwa hutumia maji machache, hukamua vizuri na hutunza nguo. Akipata yenye mota isiyotumia kaboni itakuwa bora zaidi, ila asome dhamana kwa makini: ile miaka 10 inayoandikwa kwa herufi kubwa kwa kawaida ni ya mota peke yake, wakati bodi na kazi ya ufundi hulindwa kwa muda mfupi zaidi.

Kwa nyumba yenye msukumo mdogo au maji yanayokatika, ninaipa nafasi ya juu mashine ya matangi mawili, ambayo wengi huidharau bila sababu. Inajazwa hata kwa ndoo, haina bodi ya kuungua, maji ya sabuni yanaweza kutumika kwa mkupuo wa pili, na karibu kila fundi wa mtaani anaijua. Gharama yake ni kwamba mtu lazima asimame kuhamisha nguo kutoka tangi la kufulia kwenda la kukamulia. Ile ya otomatiki ya mlango wa juu iko katikati: ni rahisi kwa mgongo, lakini inakunywa maji mengi, jambo linalomuumiza anayenunua maji kwa boza.

Mtumba wa nje ninauweka mwisho, si kwa kuwa wote ni mbaya, bali kwa kuwa mnunuzi haoni ndani. Inayotoka Uingereza, Dubai au Muscat ina faida ya kutumia hezi 50 (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) na volti zinazokaribiana na zetu, na kwa soko la Ulaya kanuni zilizoanza kutumika Machi 2021 zinawataka watengenezaji kuhakikisha spea muhimu za mashine za kufulia zinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya modeli kuacha kuuzwa. Inayotoka Marekani au Kanada imetengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, na transfoma hubadilisha volti bila kugusa hezi, kwa hiyo tofauti hiyo hubaki. Ya Saudi Arabia nayo ni ya hezi 60. Soma kibati kilicho nyuma au ndani ya mlango, fanya jaribio la dramu lililoelezwa juu, na udai iwashwe, ijaze maji, ikamue hadi mwisho mbele yako. Muuzaji akisema dukani hakuna maji, nenda kwa mwingine.

Ile ya zamani usiitupe. Fundi ataichukua kwa ajili ya mota, pampu na valvu, kwa hiyo elewana naye bei au aipunguze kwenye ufundi wake. Mpya ya mlango wa mbele ikifika nyumbani, fungua kabla ya yote zile bolti za usafirishaji zilizofungwa nyuma yake, kwa kawaida tatu au nne, kwa sababu ikiwashwa nazo itarukaruka na kujiumiza tangu siku ya kwanza. Kisha zihifadhi pamoja na risiti, maana zitafungwa tena siku mtakapohama.