Vumbi na Kutu kwa Magari Madogo ya Mfano: Ununue Nini Kwanza

Anayeunda magari madogo ya mfano huku Malindi hahitaji picha za mbali, kwa kuwa malori yanayovuka daraja la Sabaki humwonyesha jinsi tope linavyoganda kwenye madigadi na jinsi hewa ya chumvi inavyoanzisha kutu chini ya milango. Kinachobaki ni kuchagua vifaa vya kuyaiga hayo bila kutumia pesa kiholela.

Nafasi ya kwanza naipa rangi ya mafuta ya wachoraji, tyubu moja ya kahawia iliyokolea. Ikizimuliwa kwa tapentaini hadi iwe nyepesi kama chai ya rangi, hujipenyeza yenyewe kwenye mifereji ya milango na kuzunguka vichwa vya ribiti, nayo hukawia kukauka, hivyo ulipokosea unaweza kufuta kwa brashi yenye tapentaini kidogo. Kabla ya kuizimua, iweke kwanza juu ya kipande cha kadibodi kinyonye mafuta ya ziada, la sivyo itang'aa, na vumbi haling'ai. Sharti ni kwamba rangi ya chini iwe ya akriliki (rangi inayozimuliwa kwa maji), iliyokauka kabisa na kupakwa vanishi, kwa sababu tapentaini inaweza kuipasua plastiki iliyo wazi. Ijaribu kwanza uvunguni.

Zinazofuata ni chaki laini za pasteli, zilizosagwa kwa msasa zikawa unga, ambao hushika vyema juu ya vanishi isiyong'aa. Udongo wa Marafa, karibu na Malindi, una wekundu mzuri ajabu na hauna bei, lakini uchekeche kwa kitambaa chepesi: chembe ya nusu milimita kwenye gari la kipimo cha 1:35, yaani dogo mara 35 kuliko gari halisi, ni sawa na kokoto ya karibu milimita 18 kwenye lori lenyewe.

Ya tatu ni akriliki na kipande cha sponji ya godoro kuukuu, kwa kuiga rangi iliyobanduka kwenye bampa. Chovya, pangusa karatasini mpaka ikaribie kukauka, ndipo uguse kingo.

Seti za chupa za rangi iliyochanganywa tayari nimeziweka mwisho. Ubora wake ni mzuri, ila tyubu moja ya rangi ya mafuta hutoa mchanganyiko wa magari mengi zaidi. Zinamfaa anayetaka rangi ileile kwenye msafara mzima, na hata huyo anunue chupa moja tu ya kahawia.