Kliniki ya meno Mbeya mjini, foleni ndefu ila daktari anaelewesha

Mtoto wa dada ana miezi mitano, homa na kuharisha juu, bibi yake kule Tukuyu kashasema ni meno ya plastiki, yale wanayodai ndo yanamuumiza mtoto, na anayeyachokoa kwa spoku ya baiskeli yupo hapo jirani, nikasema hapana bibi, tukadaka kosta asubuhi mpaka Mbeya. Foleni sasa! Masaa matatu kwenye benchi na dada wa mapokezi hata salamu haitikii, hapo nawapa mbili kwa tano. Ila daktari, mweh, kamuamkia bibi vizuri kwanza, kainua mdomo wa mtoto taratibu akamwonyesha kale kavimbe keupe kwenye fizi, akasema shikamoo yangu ipokee bibi lakini hili ni chonge la utoto halijatoka tu, ukilichokoa unaweza kuharibu na la ukubwani linalokua hapo chini, bado damu na pepopunda. Akatuandikia kipimo cha malaria, ORS ya kurudisha maji mwilini na zinki, akasisitiza mtoto aendelee kunyonya. Bibi kimyaaa mpaka Uyole, ndo ananiuliza, "sasa mimi hili gego langu wanaziba bei gani?"