UDSM au Ardhi: maisha ya chuo yakoje
Wadogo zangu mnaochagua vyuo, Mlimani (yaani UDSM au UD, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na Chuo Kikuu Ardhi ni majirani kabisa, unatoka kimoja hadi kingine kwa mguu, ila maisha tofauti sana. UD ni kubwa, wanasheria, mainjinia, watu wa fasihi wote wamo, na tangu enzi za kina Walter Rodney, yule mwanahistoria aliyefundisha pale, mijadala ni mila. Shida huo ukubwa, unaweza ukamaliza semista hujulikani na mtu. Ardhi, chuo kikuu kamili tangu 2007, ni kadogo, wengi wanasoma majengo, ardhi na mipango miji so mnajuana fasta, na wale wa usanifu majengo wanakesha studio wakichora na kukata modeli. Kama ndoto yako ni kuchora majengo mi nasema Ardhi bila kusita, kule kukesha pamoja kunajenga urafiki balaa.