Mafunzo ya bure ya baiskeli London Mashariki: nendeni, hasa kwa ajili ya njia panda

Mwenye haraka achukue hili kwanza: kama unaishi London na una baiskeli, au unafikiria kununua, kajiandikishe mafunzo ya watu wazima yanayotolewa na halmashauri ya eneo lako. Halmashauri nyingi za jiji haziwatozi wakazi wake chochote. Nenda hata kama umekulia juu ya baiskeli. Mimi ni mtu wa Tanga, na anayeijua Tanga anajua kule baiskeli ni usafiri wa kila rika: mama anakwenda nayo sokoni, fundi anabebea zana zake, mwanafunzi anampakia mdogo wake. Naendesha tangu shule ya msingi. Na bado mafunzo haya yamenipa kitu ambacho Tanga haikunipa, yaani namna ya kuikaribia njia panda yenye taa, malori na mistari minne ya magari, na kujua sheria iko upande wa nani kila hatua.

Nahudumia wazee kwenye nyumba ya malezi, na zamu ya alfajiri inataka niwe kazini kabla mabasi hayajachangamka. Njia yangu ni Mile End Road na Whitechapel Road, ile barabara kubwa ya kutoka Stratford kwenda mjini. Sehemu kubwa ina njia ya baiskeli iliyotengwa na magari kwa ukingo. Wengi wetu bado tunaiita CS2, kifupi cha jina lake la zamani, Cycle Superhighway 2. Ukiwa kati ya makutano na makutano hata mtoto anaweza kupita. Kazi inaanza pale barabara nyingine inapoingia, kwa sababu hapo ndipo gari linapotaka kukata mbele yako.

Mpango unaitwa Bikeability. Ulianza mwaka 2007 kuchukua nafasi ya mtihani wa zamani wa baiskeli wa watoto wa shule, na una ngazi 3. Ya kwanza ni uwanjani bila magari: kuondoka, kufunga breki, kutazama nyuma bila kuyumba, kutoa ishara kwa mkono mmoja. Ya pili ni mitaa tulivu. Ya tatu ni barabara zenye shughuli, vipilefti na makutano makubwa. Ngazi ya kwanza mwenye uzoefu ataimaliza upesi, ingawa kule kutazama nyuma juu ya bega la kulia nashauri usikudharau, maana kila kitu kinachofuata kinategemea hilo.

Darasani kwetu tulikuwa mchanganyiko: wanawake wengi wanaoanza, kijana mmoja anayepeleka chakula kwa baiskeli, na dada mmoja wa Kisomali aliyekulia Mombasa, ambaye aliposikia nikihesabu kwa Kiswahili alinigeukia akasema, "Kumbe uko na mwenzako hapa!" Tangu hapo tukawa tunaelezana kila kitu. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyepandisha sauti hata mtu anapokwenda kombo.

Alianza kwa chaki. Alichora njia panda kwenye lami ya uwanja wa shule, akaiweka baiskeli ukingoni kabisa kushoto, pale anapojibanza kila mtu anayeogopa magari. Akamwambia kijana wa chakula awe gari linalokuja nyuma na kukata kushoto. Kijana akapita kwa urahisi, akaufunga mdomo wa njia, gurudumu la mbele la baiskeli likabaki linatazama miguu yake. Kisha mwalimu akaisogeza baiskeli hadi katikati ya mstari wake, akamwambia kijana arudie. Safari hii hakuwa na pa kupenya. Ilimbidi angoje nyuma. Dada wa Mombasa akaninong'oneza, "Sasa nimeelewa kwa nini wananipigia honi nikikaa katikati. Wanataka nirudi pale pembeni waweze kunipita."

Kukaa katikati si ujeuri. Kanuni za barabara za hapa, Highway Code, zilirekebishwa tarehe 29 Januari 2022, na Kanuni ya 72 sasa inasema waziwazi kwamba mwendesha baiskeli akae katikati ya mstari wake kwenye mitaa tulivu, kwenye foleni inayokwenda polepole, na anapokaribia makutano au mahali barabara inapobana. Kanuni ya 76 inampa kipaumbele anayekwenda moja kwa moja dhidi ya magari yanayotaka kuingia au kutoka barabara ya pembeni, isipokuwa alama au taa zikisema vingine. Na ile inayoitwa H3 inamwelekeza dereva asikate mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja, iwe iko kwenye njia yake maalumu au barabarani na magari.

Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu mwalimu, kwa sababu hakutupa matumaini ya uongo. Alitueleza kwamba ndani ya kitabu hicho kuna mambo yaliyo lazima, yametoka kwenye sheria ya Bunge na ukiyavunja umetenda kosa. Na kuna mambo unayotakiwa kuyafuata, ambayo kuyavunja peke yake si kosa, ila mahakama inaweza kuyatumia inapoamua nani wa kulaumiwa. H3 iko kwenye kundi la pili. Kwa hiyo kipaumbele chako kitatetewa baada ya ajali. Kabla ya ajali, kinategemea kama dereva amekuona. Ndiyo maana somo zima linarudi kwenye mahali unapokaa na mahali unapotazama.

Siku ya pili palikuwa na lori limeegeshwa uwanjani. Tukapandishwa mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva. Mwalimu akasimama na baiskeli yake na fulana ya manjano inayong'aa upande wa kushoto, karibu na mlango wa abiria, nami nikaambiwa nimtafute. Nilitazama dirishani, nikatazama vioo vyote, simuoni. Akapiga kengele ndipo nikajua yupo. Mtu mzima, baiskeli nzima, fulana ya rangi ile, wote wamemezwa na sehemu ambayo dereva haoni! Nilishuka miguu inatetemeka. Kama mafunzo yangekuwa na dakika hizo tu, ningesema yametosha. Tangu mwaka 2021 malori yanayozidi tani 12 hayaingii London bila kibali kinachopima dereva anaona kiasi gani kutoka kwenye kabini, na tangu Oktoba 2024 masharti yamekazwa zaidi. Ni hatua kubwa, na mimi bado sipenyi kushoto kwa lori lililosimama kwenye taa, hata kama njia ya baiskeli imechorwa pale pale na kunialika.

Wenyeji wa mashariki wataelewa kwa nini nasema hivi kwa uchungu. Mwaka 2011 wapanda baiskeli wawili walifariki kwenye kipilefti cha Bow, kwenye barabara hii hii, ndani ya majuma machache, na mwaka 2013 akafa mwingine. Wakati ule njia yenyewe ilikuwa rangi ya buluu tu juu ya lami. Ni baada ya vifo hivyo na kelele za watu ndipo Bow ikawekewa, mwanzoni mwa 2014, taa ndogo za baiskeli zilizowekwa usawa wa macho ya mpandaji, za kwanza Uingereza. Baadaye njia ikajengewa ukingo. Mwalimu alitupitisha huko akatuonyesha jinsi taa zinavyogawa muda: mahali pengine baiskeli inapewa kijani sekunde chache kabla ya magari, mahali pengine magari yanayokata kushoto yanazuiwa kwa nyekundu mpaka sisi tumalize kupita. Ukishaelezwa, unaona njia panda imepangwa kwa akili, na unajua kwa nini taa yako ni nyekundu wakati ya magari ni ya kijani.

Kukata kulia ndiko kulikonipa faida ya kila siku. Kwenye makutano kadhaa ya barabara hii huna haja ya kujipenyeza katikati ya magari. Unakwenda moja kwa moja kwa kijani chako, unasogea kushoto hadi kwenye alama iliyochorwa mbele ya magari yanayosubiri kutoka barabara ya kushoto, unageuza baiskeli, unangoja taa ya barabara ile, kisha unavuka. Inachukua muda kidogo zaidi. Wazee wangu wanaweza kunisubiri dakika moja.

Kile kisanduku kilichochorwa mbele ya magari kwenye taa nacho kilipata somo lake. Kina urefu wa mita 4 hadi 7.5, kimewekwa ili dereva akuone na uondoke mbele yake. Gari likiingia humo taa ikiwa nyekundu, dereva ametenda kosa lenye faini ya pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Uzuri wa kisanduku uko pale unapofika mapema ukajipanga katikati. Ukifika kimejaa, mwalimu alishauri usimame nyuma ya gari kwenye foleni kama dereva mwingine yeyote. Ushauri huo sijauona kwenye kibao chochote barabarani.

Kuhusu taa nyekundu, kijana wa chakula aliuliza swali ambalo wengi tunalo: kama hakuna gari wala mtu, kwa nini asipite? Mwalimu hakumkaripia. Alisema kuna mahali sheria imelitazama swali hilo kwa namna nyingine. Jimbo la Idaho kule Marekani tangu 1982 linamruhusu mwendesha baiskeli kupita taratibu kwenye kibao cha kusimama kama pako wazi, na Paris kuna vibao vidogo vya pembetatu chini ya taa vinavyoruhusu baiskeli kukata kulia au kwenda moja kwa moja kwa uangalifu hata ikiwa nyekundu. Uingereza haina ruhusa hiyo. Sheria ni ile ile ya gari na faini ni pauni 50. Ukishuka ukaikokota baiskeli kwa miguu hadi ng'ambo, hapo umekuwa mtembea kwa miguu na hakuna kosa.

Mimi nasimama, na sababu yangu si faini. Ijumaa mchana wazee wanatoka East London Mosque kwa mafungu, wengine na mikongojo, wanavuka Whitechapel Road wakiamini kile kijani cha mtu anayetembea. Mzee wa namna ile nimemwogesha na kumvisha viatu. Najua akianguka mara moja nyonga inakwenda na hatembei tena. Ninapoona baiskeli inapita katikati yao kwa kasi naumia moyo. Kanuni mpya zinatubana na sisi pia: H2 inatutaka tumpishe anayevuka au anayesubiri kuvuka barabara tunayoiingia, na kwenye zile zebra ndogo nyuma ya vituo vya basi, aliyeshuka basi ndiye wa kwanza.

Sasa kasoro, maana zipo. Foleni ya kupata nafasi ni ndefu sana kiangazi. Omba wakati wa baridi. Baiskeli za kuazima zilikuwa kubwa kwa sisi wafupi, na dada wa Mombasa alipoteza nusu ya somo la kwanza kutafutiwa yenye tandiko linaloshuka. Karatasi zote zilikuwa kwa Kiingereza, katika mtaa ambao Kibengali na Kisomali vinasikika kila kona, na ninaamini kuna akina mama wamekata tamaa kwa sababu hiyo tu. Nililoumia zaidi ni kwamba ngazi ya tatu, iliyobeba haya yote niliyoeleza, ilipewa muda mfupi kuliko ile ya uwanjani. Makutano makubwa tuliyapita kila mtu mara chache huku mwalimu akitazama saa. Kama kuna mtu wa halmashauri anasoma, punguzeni koni za uwanjani mtupe muda zaidi kwenye taa.

Kwa anayetaka kwenda: vaa nguo zako za kazini, si za mazoezi, ili ujue koti linavyokubana ukigeuka kutazama nyuma. Kama ni msimu wa giza beba taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, kwani usiku ni lazima kisheria na baiskeli zetu za kuazima hazikuwa nazo. Mwenye mtoto wa shule aulize pia, halmashauri nyingi zina masomo ya familia. Na unapojaza fomu, kwenye nafasi ya maoni andika barabara unayopita kila siku na uombe somo la mwisho lifanyike hapo hapo. Sisi tuliomba, wakakubali: mimi nilifanyia kwenye njia panda ya kazini kwangu, na dada wa Mombasa akampeleka mwalimu hadi kwenye taa za shule ya wanawe.