Akiba ya chakula kwa bei nafuu: choroko kwanza, maharage mwisho

Kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, tarehe 4 Mei 2024, mvua ilitunyeshea huku Lindi mpaka barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, wilayani Kilwa. Malori ya mizigo yakakwama. Majirani wakakimbilia madukani, bei zikapanda siku hiyohiyo. Mimi nilitulia. Chumbani nilikuwa na kilo 40 za maharage, niliyanunua mwaka uliotangulia na nikayafunga vizuri kwenye kiroba.

Kesho yake nikayabandika saa nne asubuhi. Saa sita nikachota moja kwa kijiko na kulibana kwa vidole: ganda likatoka, ndani bado chaki. Nikaongeza maji, nikaongeza mkaa. Saa nane, chaki. Saa kumi yakaanza kupasuka maganda huku moyo wake mgumu vilevile. Nilichoma sado mbili za mkaa, na watoto wakalala na uji. Chakula ndani kilikuwepo tele, lakini hakikulika.

Tangu siku hiyo, kila msomaji anayeniuliza anunue nini cha akiba kwa laki moja au laki na nusu, namuuliza kwanza atapikia nini. Orodha nyingi za chakula cha dharura zinaanza na maharage kwa sababu ni ya bei nafuu na yanakaa. Kukaa yanakaa, ndiyo. Ila hakuna anayewaambia yanageuka nini yakishakaa. Bei ya kilo mnaijua, na habari za protini mlishaambiwa kliniki. Mimi hapa napanga kwa kipimo kimoja tu: chakula hiki kikishakaa ndani miezi sita kwenye joto la pwani, kitaiva kwa muda gani na kwa mkaa kiasi gani?

Sababu ni hii. Maharage yakikaa muda mrefu penye joto na unyevu, gundi inayoshikanisha chembe ndani ya punje inabadilika na kukaza. Ukiyachemsha, gundi ile haiachii tena. Maharage yaleyale yakiwekwa Mbeya au Njombe kwenye baridi yanaweza kufika mwaka yakiwa laini. Yalete Lindi, Tanga au Dar es Salaam, uyaweke chini ya bati, na utakuwa umenunua kokoto. Mkaa nao siku ya dharura ndio wa kwanza kuadimika, kwa sababu kuni zimelowa na mwenye mkaa anajua umebanwa. Wa gesi msijione mmepona. Mtungi ukiisha barabara ikiwa imekatika, nao ni chuma tu.

Kwangu mimi namba moja ni choroko. Hazihitaji kulowekwa. Ukibandika maji yakiwa yanachemka, dakika 40 hadi 45 zinapasuka zenyewe, unaunga kitunguu na nazi, mnakula. Zinalimwa hukuhuku kwetu, kwa hiyo ukimjua mkulima unapata za msimu huu, hazijazungushwa maghala matatu. Kasoro yake ni moja: kila kilo ina punje chache zisizoiva hata ufanye nini, zinabaki kama changarawe. Ukitaka kuzitoa, baada ya kuosha ziloweke usiku, asubuhi uone zipi hazijavimba hata kidogo. Mara ya mwisho nilinunua kilo kwa shilingi 2,800 na mkaa wa kuipika haukufika wa 500. Yale maharage niliyanunua 2,600 kwa kilo nikajiona nimepata bahati, halafu sufuria moja ikala mkaa wa 4,000. Hiyo ndiyo bei yake halisi, na muuzaji hakuiandika kwenye kibao.

Namba mbili mchele. Huu ndio unaopata faida kwa kukaa. Mchele mpya unagandana na hauvimbi, mchele uliokaa unakunywa maji zaidi, unajaza sufuria na kuchambuka. Dakika 20 hadi 25 na makaa ya juu ya mfuniko, basi. Adui wake ni wadudu na harufu, kwa hiyo usiuweke karibu na mafuta ya taa wala sabuni. Wa Kyela ni mtamu, sibishani, ila kwa akiba sioni haja ya kulipia harufu yake. Chukua wa kawaida, msafi, usio na vipande vingi. Chenga ni za bei ya chini na zinaiva haraka, ila zinawahi kuingia wadudu na vumbi. Za wiki mbili sawa, za miezi sita hapana.

Namba tatu ni unga, na hapa nawaomba mnisikilize, hasa nyinyi wa dona. Dona ni bora kwa afya, nakubali, mimi mwenyewe nyumbani kila siku nasonga dona. Lakini dona ina kiini, kiini kina mafuta, na mafuta yakikutana na joto letu yanachacha. Baada ya wiki chache unga unaanza uchungu na harufu ya rangi ya zamani. Kwa akiba nunua sembe, kilo tano tano kwenye mifuko yake, si kiroba kimoja cha 25 ambacho ukikifungua unyevu unaingia kwa chote.

Kuna watakaosema bora kuweka mahindi yenyewe kisha kusaga. Mahindi yanakaa kuliko unga, kweli. Ila wakati ule wa kimbunga umeme ulikatika na mashine za mtaani kwetu zikanyamaza. Mahindi yasiyosagika ni kama maharage yasiyoiva. Ukiyaweka, uwe na kinu na mikono ya kutwanga.

Kinu ndicho kinachofanya makopa yawe namba nne yangu, na najua watu wa mjini watanishangaa. Mhogo mkavu unatwangwa nyumbani na kuchekechwa, hausubiri umeme, na ugali wake unaiva kwa muda uleule wa sembe. Bibi zetu wa kusini wamevuka njaa ngapi kwa makopa? Ila chunga. Mhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu, na ugonjwa wa konzo, ule unaopoozesha miguu ghafla, umewahi kuwakumba watu wa Mtwara miaka ya mwanzo ya 2000, wakila mhogo mchungu kwa haraka wakati wa uhaba. Nunua kwa mtu unayemjua, uulize ni mhogo mtamu au mchungu. Ukiwa na shaka, lowesha unga kwa maji, utandaze mwembamba kwenye sinia juani saa mbili, au kivulini saa tano, sumu ile itoke kwa mvuke. Halafu usonge siku hiyohiyo. Ukiona makopa yana ukungu mweusi au wa kijani, yaache hukohuko sokoni hata yakiwa ya bure. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kupika.

Kunde zinafuata, namba tano. Zilowekwe usiku, saa moja hivi zimeiva. Tatizo lake ni wadudu: kunde zinatoka shambani zikiwa tayari na mayai ndani, na kwa miezi miwili unaweza kufungua mfuko ukakuta kila punje ina tundu na unga unakung'utika. Dawa yake ni mfuko, nitausema hapa chini.

Mbaazi kavu nzima nazo zinakawia kuiva, kwa hiyo nazitoa, isipokuwa zile zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo zinaiva upesi kama choroko. Dagaa weka kidogo tu. Dagaa wa Kilwa wanaokolea mboga kwa dakika kumi, ila siku hizi wanunuzi wanaowasafirisha kwenda Kongo wanafika kabla yetu, na sisi tunaokaa kando ya bahari ileile tunaambiwa bei ya Kongo. Tambi sina neno nazo. Samaki wa kopo ni ghali mno kwa bajeti hii.

Sasa mfuko. Hapa sina upande wa kati: mimi ni wa PICS. Nimejaribu kiroba, ndoo ya rangi iliyooshwa, pipa, hata kile kidawa cha unga wanachochanganyia mahindi. PICS ni mfuko wa tabaka tatu, mbili za nailoni nzito ndani na moja la kiroba nje. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kameruni, na ndiyo maana kwenye kunde hauna mpinzani. Wadudu waliomo ndani wanatumia hewa iliyobaki, ikiisha wanakufa, hakuna dawa hata chembe. Hata dumuzi, mdudu mla mahindi tuliyemwita Skania, aliyeonekana kwanza Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hafui dafu. Wangu wa kilo 100 niliupata kwa 5,000 na nimeutumia misimu mitatu. Kuna mifuko mingine ya namna hii na inafanya kazi, sisemi haifanyi. Ila huu ndio niliolala nao usiku nikiwa na amani.

Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Kamua hewa kwa mikono kuanzia chini, sokota mdomo wa nailoni ya kwanza mpaka uwe mgumu, ukunje kama shingo ya bata, ufunge kwa kamba. Nailoni ya pili nayo peke yake. Kisha kiroba cha nje. Usiweke sakafuni wala usiegemeze ukutani, panya akitoboa kazi imeisha. Na usiufungue kila siku kuchota. Chota cha mwezi mzima mara moja, uweke ndooni.

Kabla hujafunga, hakikisha nafaka ni kavu. Mimi nafanya hivi: nachukua chupa ya kioo kavu, natia punje mpaka theluthi, naongeza chumvi kavu vijiko viwili, natikisa dakika moja, naacha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, bado zina maji, zirudi juani. Mfuko huu hauondoi joto, kwa hiyo maharage yatazidi kuwa magumu hata ndani yake, ila taratibu, kwa kuwa unyevu wa bahari haupenyi.

Na kama huwezi kuishi bila maharage, basi, namba ya mwisho, chukua ya njano. Yanaiva mapema kuliko yale mekundu makubwa, ingawa bei yake iko juu. Usinunue zaidi ya mtakayomaliza kwa miezi mitatu. Na usimwamini muuzaji. Yule wa kwangu alinishika mkono: "Mama, haya yametoka Songea juzi, yanaiva kama viazi." Yalikuwa yanang'aa. Siku ile ya kuyapika, nilipoyaosha, maji yakafanya utando wa mafuta. Yalikuwa yamepakwa mafuta ya kula ili rangi ya uzee isionekane. Angeniambia tu ni ya mwaka jana, akapunguza bei, ningejua namna ya kuyapika. Kinachoniuma si zile fedha. Huyu mtu anajua mtu anayenunua kilo 40 kwa mkupuo anaweka akiba kwa ajili ya watoto, na anamuuzia hivyohivyo.

Kwa hiyo sasa nanunua robo kwanza. Naenda nayo nyumbani, naiosha, naloweka usiku, asubuhi nahesabu ngapi hazijavimba, kisha napika kwa saa mbele yangu. Zikipita dakika 90, sirudi kwake. Kama tayari una magumu ndani, loweka usiku kucha, mwaga maji, pikia maji mapya na magadi kidogo sana. Yatalainika, ladha itabadilika na vitamini fulani zitapotea, lakini yatalika. Yangu ndivyo nilivyoyamaliza, kwa miezi mitano.

Kwa watu sita kwa siku 14 mimi naweka mchele kilo 14, sembe kilo 16, choroko kilo 8, mafuta lita 3, chumvi kilo 1, na gunia dogo la mkaa mkavu juu ya mbao. Huhitaji kuvinunua siku moja. Anza na mkaa na choroko mwezi huu, mchele mwezi ujao. Kila unapokula cha zamani, weka kipya nyuma yake.

Na jambo la kopo. Sokoni kwetu bado wanapima kwa kopo, na kopo lina kitako kilichobonyezwa kwa ndani. Nilipima nyumbani kilo zangu nane za choroko nikakuta saba na gramu mia moja. Karibu kilo nzima imebaki kwa muuzaji, na ni chakula cha siku moja na nusu kwa watu sita. Nimenunua mzani mdogo wa kuning'iniza kwa 15,000 na naenda nao kwenye kikapu. Wawili wamenifukuza mezani kwao. Wa tatu, mama mmoja wa makamo, aliutazama, akauning'iniza mfuko mwenyewe, akaongeza kiganja cha choroko mpaka mshale ukafika. Sasa namnunulia yeye peke yake.